Mgeni Nambari 40817

Jijini Łódź, ghorofa ya tatu,
ndani ya kiwanda cha pamba kilichogeuzwa ofisi,
kazi yangu ni kutazama vishale.
Si watu. Vishale.
Kampuni haitaki nijue jina la mtu,
inataka nijue alisita wapi.

Tunauza mabirika, mablanketi, taa za kusomea.
Kila aingiaye dukani kwetu huacha nyayo za mwanga,
nami huzifuata asubuhi yake, kahawa mkononi,
kama msasi anayesoma theluji:
hapa sungura alisimama,
hapa alisikia kitu, akageuka.

Nimejifunza mengi.
Jumapili usiku watu hununua mito.
Asomaye masharti ya kurudisha mali
kabla hajatazama rangi
alishaumwa na nyoka, sasa ung'ongo humshtua.
Wengine hupanga bei kutoka ndogo kwenda kubwa,
kisha kubwa kwenda ndogo,
kisha hufunga dirisha wakalale.

Mama yangu, huko Radom, hununua kwa vidole.
Huminya kitambaa, hukinusa, hukiacha,
hurudi Alhamisi akakiminya tena.
Muuza vitambaa hajawahi kuliita hilo hasara.
Macho hayana pazia, na vidole vivyo hivyo.

Lakini Witold wa mauzo ana jedwali.
Wakiweka mia kitu kikapuni, sabini huondoka,
naye huwahesabu hao sabini
kama mtu aliyelala na zizi wazi.
Kitufe kiwe chekundu, anasema.
Mwezi uliopita alitaka kijani.

Mgeni nambari 40817 huja saa nane usiku.
Hatafuti kama wenzake, *birika bei nafuu*.
Katika kisanduku cha kutafutia huandika barua:

*Habari za usiku. Naomba birika lisilopiga mluzi.*

Matokeo sifuri, ikajibu mashine.

*Samahani. Mke wangu amelala, ndiyo maana.*

Matokeo sifuri.

Kishale chake kikatulia dakika nne.
Kwenye ripoti yangu, dakika nne kama hizo
huitwa "hakuna shughuli".
Kisha kikaamka, kikaenda kwenye mablanketi,
kikafungua picha moja, kikaikuza
mpaka sufi ikawa msitu,
kikatembea humo ndani polepole
kama mtu asiyetaka sakafu ilie.

Usiku wa pili akapata birika la buluu,
zloti mia na arobaini.
Akaliweka kikapuni. Akalitoa.
Akasoma maoni ya wanunuzi, yote, hata ya mwaka juzi,
na pale mtu alipoandika *linapiga kelele kama treni*
kishale kikazunguka neno treni mara tano,
kikaondoka.

Siku kumi na moja hakuja.
Nilijikuta namtafuta kabla sijavua koti.

Usiku wa kumi na mbili, saa nane na dakika sita,
hakupitia popote, hakukuza picha.
Akaandika:

*Lipige mluzi tu. Sasa haidhuru.*

Matokeo sifuri.
Akaliendea mwenyewe lile la buluu, njia anaijua,
akalipa, akatoka. Sekunde hamsini na tatu.

Sijui kama mkewe ameamka.
Naweza kukuonyesha kila pikseli aliyoigusa,
naweza kukuambia simu yake ilibakiwa na chaji kiasi gani,
lakini hilo sijui,
na sina safu ya kuliandika.

Kitufe chekundu kilianza kazi usiku uleule.
Witold amepita mezani kwangu akitabasamu:
Unaona? Sekunde hamsini na tatu!
Nikamwambia naona.

Alipoondoka nikaifundisha mashine neno moja, mluzi.
Sasa akiomba mtu birika lililo kimya
atapata matatu, ya umeme, moja lina punguzo.
Wiki ya tatu hii.
Hajaomba mtu.